Mwaka Nilipowekwa Ukutani

Mguu ndio uliotangulia kutokea. Mafundi walikuwa wakikwangua chokaa kuukuu kwenye ukuta wa iliyokuwa zahanati yetu, kule bondeni upande wa Ngorongo, wapate kuifanya ghala la ufuta, na chini ya chokaa kikatoka kisigino, kisha unyayo, kisha vidole vitano, kile kidogo hakina ukucha. Binti yangu Zuhura, ambaye nyumba yake inatazamana na jengo hilo, akanipigia simu Bungu ninakokaa siku hizi. "Mama," akasema, "kuna mtu ukutani." Nikamwuliza kidole kidogo kikoje. Akaenda kutazama, nikasikia kandambili zake zikipiga sakafu, akarudi kwenye simu. "Hakina ukucha." Nikamwambia awazuie mafundi, wasikwangue zaidi, nakuja. Ukucha huo niliuacha kwenye ncha ya jembe katika mwaka wangu wa nne wa ndoa na haujaota tena. Nikatia kwenye mkoba kanga ya kubadili, msala wangu, na chupa yangu ya mafuta ya nazi ninayojisugulia magoti, nikapanda gari la Kibiti, na la Ikwiriri, na kutoka hapo nikapakiwa kwenye pikipiki na kijana niliyemwambia mara mbili apunguze mwendo na mara ya tatu nikamfinya bega. Njia nzima sikuzungumza na mtu mwingine. Nilikuwa nahesabu ni wangapi waliobaki duniani wanaojua mguu ule ni wa nani. Nilijipata peke yangu.

Habari za kwetu na jinsi nilivyoolewa nitaziacha, hazina kazi hapa. Itoshe kusema kwamba mwaka huo ninaousimulia mume wangu alikuwa delta akikata boriti kwenye mikoko, anarudi mara moja kwa miezi mitatu akinuka matope, na mimi nilikuwa nakaa na mama yake, Bi Mwanahawa. Nyumba ilikuwa na vyumba viwili na ukumbi. Chumba chake kilikuwa na kitanda cha kamba, sanduku la bati, na msala uliokuwa umechakaa sehemu tatu, penye magoti mawili na penye paji la uso. Nilikuwa nimezaa watoto wawili na kuwazika wote wawili, na wa tatu alikuwa mgongoni. Huyo ndiye Zuhura, miezi minane. Hakuna aliyekuwa na kamera kwetu wakati huo. Asubuhi moja nilikuwa natwanga mpunga, nikajaribu kuikumbuka sura ya yule wa kwanza. Ikaja pua. Nikatulia na mchi mkononi, nikaitafuta tena, na nilipoitazama vizuri nikaona ni pua ya huyu wa mgongoni. Niliendelea kutwanga. Sikumwambia mtu, lakini kutoka siku hiyo nikawa na jambo ninalolitaka, ambalo sikujua jina lake.

Mtoto anayezaliwa juu ya makaburi ya wenzake, kwetu hakupokelewa kwa vigelegele. Alipotimiza siku saba mama mkwe alimbeba kwenye ungo, akamweka jalalani nyuma ya nyumba, akageuka akaondoka bila kutazama nyuma. Jirani yetu, Bi Tausi, ambaye walipangana naye tangu jana yake, akapita kama mtu anayekwenda kisimani, akamkuta, akasema kwa sauti, "Nani katupa takataka hii?", akamwokota, akatuletea sisi tumlelee. Hivyo mtoto akawa si wetu tena, kifo hakina wa kumfuata kwetu. Zuhura lilikuwa jina la akika tu. Nyumbani aliitwa Jalala. Nywele alinyolewa upande mmoja, upande wa pili zikaachwa zisimame. Kwenye paji la uso alikuwa na doa la masizi ya chungu, likifutika linapakwa jingine, na nguo yake ilikuwa kipande cha gunia la chumvi. Hakuna aliyeruhusiwa kumsifu. Mama mkwe, akimaliza kuswali, alikuwa akimweka mapajani na kumwachia tasbihi achezee, akimtazama kwa macho ambayo mimi mwenyewe sijatazamwa nayo hata siku moja, na kinywani mwake yakitoka maneno, "Kibaya changu. Kibaya changu hiki, hakina hata mtu wa kukitaka."

Mwezi wa Shaabani akaja mchoraji. Jina lake Gaspari, mtu wa kusini, Mkristo, mwembamba, mashati mawili na sanduku la rangi. Wilaya ilikuwa imemtuma kutoka Utete aje achore kwenye chumba cha kinamama pale zahanati picha ya mama anayenyonyesha, ili tukija kupima watoto tuone tunavyotakiwa kufanya, kana kwamba tulikuwa hatujui. Akapewa chumba cha nyuma pale pale zahanati, na zamu ya kumlisha ikaangukia nyumba yetu. Siku ya kwanza aliingia ukumbini, akavua viatu bila kuambiwa, mama mkwe akaliona hilo na kulipenda. Akaketi mkekani. Nilikuwa nimempakua wali na kambale wa kukaanga, naye kabla hajanawa akamtazama mtoto mgongoni kwangu, akasema, "Mama, mtoto mzuri huyu. Hayo macho yake."

Mama mkwe aliinuka polepole, akaenda jikoni, akarudi na kidole cheusi, akampaka mtoto masizi mapya juu ya yale ya zamani. Kisha akamgeukia mgeni. "Ni mbaya, baba. Tazama vizuri."

Gaspari hakuwa mjinga. Alitazama nywele za upande mmoja, na gunia, na kidole cha mama mkwe, akaelewa kitu, kama si chote. "Kweli, mama," akasema. "Nilikuwa nimetoka juani, macho yangu hayajatulia. Mbaya sana huyu."

"Nawa ule," mama mkwe akamwambia, na kwenye kona ya mdomo wake nikaona anacheka. Kuanzia hapo walipatana. Ramadhani ilipoingia nilidhani tutamwambia ajitafutie chakula cha mchana, lakini mama mkwe hakutaka kusikia. "Yeye hakufunga. Mgeni wa serikali hawezi kushinda njaa kwangu kwa sababu ya saumu yangu." Kila adhuhuri alipuliza moto kwa midomo iliyokauka, akaunga kisamvu kwa nazi bila kuonja hata tone, akanusa tu na kujua chumvi imetosha. Gaspari alikuwa anakula amejigeuzia ukutani kwa haya, na yeye anamkaripia, "Geuka ule kama mtu. Hujaiba."

Picha yake ya kwanza aliichora kwenye ubao kabla ya kugusa ukuta, akatuonyesha wanawake siku ya mizani, Alhamisi. Palikuwa na mwanamke mweusi amekaa kwenye kiti, mgongo wima, kanga mpya, na mtoto amesimamishwa kwenye paja lake, wote wawili wanatutazama. Tulikuwa kama kumi na tano pale, watoto wanalia, mizani inabembea. Wakati ule Bi Tausi hakuwa na mtoto wa kupima kwa miaka mingi, lakini Alhamisi hakosekani. Akasogea mpaka pua ikagusa ubao.

"Mwanamke huyu ananyonyesha au anangoja hukumu?"

"Ananyonyesha, mama," Gaspari akasema.

"Kwa mkao huu maziwa yatampata nani? Na mtoto ana shingo ya mwenyekiti wa kijiji." Wanawake wakaangua kicheko. "Ziwa lenyewe umeliweka begani. Baba, wewe ulinyonya wapi?"

Gaspari akacheka nao, akakuna kichwa, na adhuhuri ile alipokuja kula akamwonyesha mama mkwe alikoitoa ile picha. Ilikuwa karatasi ndogo, imekunjika pembe, anaiweka chini ya rangi zake. Mwanamke mweupe amevaa buluu, na mtoto. Mama mkwe aliitazama mikono akiwa ameiweka nyuma, kama mtu anayepita karibu na jiko la moto.

"Huyu nani?"

"Mama Maria."

"Bibi Mariamu," akamsahihisha. "Sisi tunasomeshwa kwamba uchungu ulimkuta peke yake, akashika shina la mtende. Huyu wako amekaa kitini, hana jasho, nguo haina hata tone la maziwa. Aliyemchora hajakaa karibu na mzazi."

"Nadhani walikuwa wanaume watupu, mama."

"Inaonekana."

Mimi nilikuwa uani nikisugua sufuria kwa mchanga, na hapo nikaacha kusugua, maana nilimsikia Gaspari akisema, "Basi nionyesheni mzazi. Niruhusu nimchore mkweo na mtoto, hivi hivi wanavyokaa mkekani."

"Hapana," mama mkwe akasema, bila ukali. "Nyumba yenye sura ukutani, malaika hawaingii."

"Si nyumbani, mama. Ni zahanati."

"Zahanati ndiko wanakotakiwa zaidi." Akamsogezea sahani. "Na mtoto yule nimemtoa jalalani. Sitamweka mbele ya macho ya kila anayepita. Kula, kinapoa."

Nilisugua sufuria ile mpaka ikang'aa kama mpya. Sasa nilijua jina la jambo ninalolitaka. Nilitaka uso wa mtoto wangu ubaki mahali. Nilikuwa nimekwisha kuona mara mbili jinsi uso unavyoondoka, kwanza chini ya udongo, kisha kichwani mwangu mwenyewe, na huu wa pili uliniuma kuliko wa kwanza kwa sababu niliufanya mimi. Mama mkwe alikuwa mcha Mungu na alikuwa na haki. Hata leo naswali kama alivyonifundisha na nyumbani kwangu Bungu hakuna picha ukutani. Lakini Alhamisi iliyofuata, mizani ilipokwisha na wenzangu wakatawanyika, nilibaki, nikamwambia Gaspari, "Nichore."

"Na mama?"

"Mama ni wangu, niachie mimi. Lakini mtoto umchore alivyo. Na masizi yake, na nywele, na gunia. Usimpambe."

"Sijui kupamba, dada," akasema. "Najua kutazama tu. Na hata hilo mmenifundisha ninyi juzi."

Tulikaa Alhamisi tatu, mlango wazi, nesi akiwa hapo hapo anaandika kadi zake, sikukaa peke yangu na mwanamume. Nilikaa kwenye mkeka, mgongo ukutani, mguu mmoja nimeunyoosha, kanga imenifunika, mtoto kalala kwenye mkono ananyonya huku macho yakifumba na kufumbua. Mkononi alikuwa na tasbihi ya bibi yake, alikuwa ameing'ang'ania tangu nyumbani na kumnyang'anya ni kilio, nikamwacha nayo. Nikataka kuuficha mguu. Gaspari akasema uache hapo. Nikasema una kidole kibovu. Akasema amekiona. Sijawahi kutazamwa namna ile, si na mume, si na daktari. Haikuwa tamaa. Alinitazama kama mwanamke anayechagua mawe kwenye mchele, kwa subira, punje kwa punje, hataki hata moja impite. Alipomaliza na kuniita nikaone, sikujiangalia mimi. Niliangalia uso wa mtoto. Masizi yapo. Nywele za upande mmoja zimesimama. Pembeni mwa mdomo pana tone la maziwa, na jicho moja limebaki wazi kidogo, kama anavyofanya mpaka leo akisinzia. Nikasema moyoni, huyu hata akienda, nitakuwa na pa kumtazama. Namwomba Mungu msamaha kwa kauli hiyo, lakini ndivyo nilivyosema.

Chumba kilifungwa, kikingoja wakubwa wa Utete waje wakifungue baada ya Idi. Mama mkwe, kwa saumu na kwa miguu yake, hakuwa akifika huko. Lakini Bi Tausi alikuwa na tabia ya kuchungulia madirishani, na akaanza kuja nyumbani na maneno ya pembeni. "Mkweo anapendeza akiwa bapa," akasema siku moja akimenya mihogo. Mama mkwe akadhani anasema nimekonda.

Kumi la mwisho la Ramadhani mtoto akapatwa na homa, na adhuhuri moja akakakamaa mikononi mwangu, macho yakaenda juu. Degedege. Nilikimbia naye zahanati bila kujifunga kanga vizuri, nesi akamchoma sindano, akamlowesha maji, akalegea, akalia. Nikarudi naye amelala, anapumua kwa haraka kama kifaranga. Bi Tausi alikuwa amekwisha fika, amesimama katikati ya ukumbi, mikono kiunoni.

"Mimi nimenyamaza mwezi mzima," akasema. "Mtoto huyu niliyemwokota ni mimi. Ni wangu. Kabla hajawekwa ukutani kila jicho limle, nani aliniuliza?"

Mama mkwe akanitazama. Sikuweza kusema uongo, na mtoto yule yuko mapajani. Nikamweleza yote, Alhamisi zote tatu. Hakunipigia kelele. Alimwambia Bi Tausi aende nyumbani kwake, na Bi Tausi akaenda. Kisha akaniuliza, "Amemchora na uso?"

"Ndiyo, mama."

"Unafanana?"

"Ni yeye."

Akaketi kwenye ukingo wa kitanda. Akamshika mtoto unyayo, akawa anaubonyeza kwa kidole gumba, taratibu. Nilikuwa nangoja matusi. "Nilizika watatu kabla ya kumpata mumeo," akasema. "Wa kwanza Athumani. Alikuwa akilala kifudifudi, kisigino kimetazama juu. Kisigino kile nakiona hata sasa. Uso sina, Mwanaidi. Naomba kila baada ya swala nionyeshwe japo mara moja, na sijaonyeshwa." Akaubonyeza unyayo tena. "Nilimwambia Mungu, kama umeninyima uso ule ili nisimwabudu mtoto badala yako, nimeelewa."

Akaamka. Uani palikuwa na ndoo ya chokaa iliyobaki walipopaka msikiti kwa ajili ya Idi, na brashi ya nyuzi za mkonge. Akajifunga kanga kifuani, akaingia chumbani kwake, akatoka, akabeba ndoo. Nikamfuata mpaka kizingitini na mtoto mkononi.

"Mama, nakuomba. Usiufute."

"Siufuti. Naufunika. Baki na mgonjwa."

Alikaa huko mpaka alasiri ikapita. Nilidhani ukuta ule ungemchukua nusu saa. Aliporudi chokaa ilikuwa mpaka kwenye viwiko, akanawa, akaswali, akakaa, na adhana ya magharibi ilipolia akafungua kwa tende moja na maji, hakula kitu kingine. Nikamtaka mafuta ya nazi nimkande mtoto. Alikuwa amekamua chupa nzima Ijumaa, nazi za Bungu, mimi mwenyewe nilikuna.

"Yamekwisha," akasema.

"Yote?"

"Yamekwisha, Mwanaidi. Mkande kwa maji ya vuguvugu."

Mtoto alipona. Siku ya tatu alikuwa anavuta ushungi wangu. Na mimi, badala ya kushukuru, nilikasirika, hasira ya kimya ya mtu asiye na haki nayo. Nilipika, niliosha, nilisema ndiyo mama, hapana mama, na sikusema kingine. Gaspari alipokuja kula siku ile ya kwanza baada ya chokaa, alikuwa ametoka moja kwa moja kwenye kile chumba. Aliketi, anasugua kidole gumba na cha shahada kama mtu anayepima unga. Mama mkwe akamwekea ugali na kisamvu.

"Umekwenda kuona?"

"Nimekwenda, mama."

"Una hasira?"

"Nilikuwa nayo nilipofungua mlango." Akavisugua tena vidole, akavitazama, kisha akamtazama mama mkwe kwa muda, vile vile alivyokuwa akinitazama mimi pale mkekani. "Kisamvu cha leo kimekolea nazi," akasema.

"Kula," mama mkwe akamwambia.

Ukuta mwingine akauchora vyakula: boga, mayai, papai lililokatwa, na samaki kwenye sahani, amekwisha kupikwa, maana mama mkwe alisema aliyepikwa hana roho ya kudai kwa mchoraji siku ya Kiyama. Wakubwa wa Utete wakaja, wakasifu boga. Siku anaondoka, baada ya Idi, alipita kuaga, akanikuta kisimani. "Dada," akasema, "usimkasirikie mama. Ile chokaa..." Nikamkatiza. Nikamwambia sitaki habari za chokaa, nenda salama. Akainamisha kichwa, akaenda zake na sanduku lake. Sikumwona tena, na miaka mingi baadaye nilisikia kwa mtu wa Kibiti kwamba alifariki kwao. Nilimwombea, ingawa sijui kwao wanaombewaje.

Hasira yangu haikudumu. Nilikaa na mama yule miaka kumi na tisa mingine. Alinifundisha kukamua mafuta, kuosha maiti, kusoma dua ya mvua, kunyamaza. Kila mwaka kabla ya Ramadhani wanawake wa kijiji tulipaka msikiti na zahanati chokaa, na kila mwaka pembe ile ya chumba cha kinamama ilikutwa imebanduka. "Pana unyevu pale," watu walisema. Mama mkwe hakukubali mtu mwingine apashike. "Niachieni mimi. Ninyi hamjui kupaka." Alikuwa akienda siku moja kabla yetu, peke yake, kwa ndoo yake, anarudi alasiri amelegea uso, mpole, anaweza hata kukutania. Nilidhani ni kwa ajili ya thawabu. Mwaka ambao magoti yalimshinda aliniuliza kutoka kitandani, "Pale pembeni atapaka nani?" Nikamjibu watu wapo, mama. Akasema, "Haya." Hakuufikia mfungo ule.

Haya yote yalikuwa kifuani nilipoingia kwenye jengo lile mwezi uliopita. Zuhura alikuwa amenitangulia, mwanamke mnene wa zaidi ya miaka hamsini, mwenye wajukuu wake. Mafundi walikuwa wamekwangua mpaka kiunoni. Niliuona mguu wangu, pia ya goti, maua ya kanga ambayo nilikuwa nimeyasahau, yote yamechanika, chokaa imeng'oka na rangi yake, vipande vyeupe kila mahali kama ugonjwa wa ngozi. Nikasema moyoni, uso nao utakuwa hivi, bora nisiuone. Fundi mkuu akaniuliza kama aendelee. Nikasema endelea.

Akaweka ncha ya kikwanguo juu ya kifua, akasukuma kidogo. Hakukwangua. Chokaa ilijibandua yenyewe, kipande kizima kikubwa kama ungo, kikamwangukia mikononi. Na chini yake mtoto akatutazama kwa jicho moja lililobaki wazi. Hana mkwaruzo. Masizi yanang'aa, tone la maziwa linang'aa, shanga za tasbihi ungeweza kuzihesabu.

Fundi akakigeuza kile kipande ubavu. Kilikuwa kinene kama chapati tatu. "Bibi, hebu ona," akasema. Kwenye unene wake palikuwa na mistari myembamba ya manjano, mmoja juu ya mwingine. Akakinusa, akakunja uso. "Mafuta. Mafuta ya nazi yaliyochacha. Chokaa, mafuta. Chokaa, mafuta. Hii haikufanywa siku moja. Mtu alikuwa anakibandua kipande hiki, anapaka mafuta ndani na nje, anakirudishia, anafunika upya. Chokaa haishiki penye mafuta, hata mtoto mdogo anajua. Sasa alikuwa anafanya nini?"

Mimi nilikuwa namwona mama mkwe. Mlango umefungwa kwa ndani. Ndoo sakafuni haijaguswa. Ameketi kwenye mkeka wa zahanati mbele ya ukuta, amepakata mikono, siku yake moja ya mwaka, mpaka alasiri.

"Huyu ndiye mimi?" Zuhura akasema nyuma yangu. "Mama. Mbona mbaya hivi?"

"Bibi yako alihakikisha," nikamwambia.

Akacheka, kisha akaacha kucheka, akatoa simu akapiga picha, akaniuliza mbona nalia. Nikamwambia vumbi la chokaa. Mafundi walikuwa wamesimama na ndoo zao za rangi mpya, wanangoja tuwapishe, na wenyewe wa ghala walikuwa wamekwisha kusema ukuta wote uwe mweupe, hawataki picha ya mtu karibu na ufuta. Walikuwa na haki pia. Nikafungua mkoba, nikatoa chupa yangu ya magoti. Nikamimina kiganjani, nikampaka mtoto kwenye paji la uso penye masizi, mashavu, kidevu, pembeni mwa mdomo, polepole, nisiruke mahali, kama nilivyofundishwa.

"Bibi," fundi akasema, "ukipaka hapo rangi yangu haitashika. Itabanduka kila mwaka."

"Najua," nikamwambia, nikafuta mkono kwenye kanga. "Wewe paka."